Mwacheni mtoto ayavunje maji mwenyewe

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hapa Machakos, ukimwamsha usiku wa manane umwambie achore mtambo wa kutenganisha maji kwa umeme, atauchora. Atakuwekea betri, nyaya mbili, elektrodi mbili ndani ya maji yaliyotiwa asidi kidogo, na neli mbili zilizopinduliwa juu yake. Ataandika haidrojeni upande wa kathodi na oksijeni upande wa anodi, kisha ataongeza kwamba ujazo wa haidrojeni ni mara mbili ya oksijeni. Alama zake amezipata. Sasa muulize kama amewahi kuyaona mapovu hayo yakipanda. Wengi watakwambia hapana, tena bila wasiwasi wowote, maana hakuna mtihani uliowahi kuwadai wayaone.

Nafundisha kemia katika shule ya kutwa kwenye miteremko ya milima ya Iveti, na ninalotaka kusema leo ni fupi. Jaribio hili lifanywe, tena na mtoto mwenyewe kwa mikono yake, wala lisiishie maabara. Lifike nyumbani, mtu mzima akiwa kando. Mtoto aliyepima kwa mkono wake gesi inayotoka kwenye maji ni vigumu kumuuzia uongo kuhusu maji, na uongo huo siku hizi unauzwa rejareja hapa kwetu.

Kisingizio cha kwanza huwa pesa. Ni kweli, mtambo wa kioo uliobuniwa na Mjerumani August Wilhelm von Hofmann karne ya 19, wenye elektrodi za platinamu, si wa shule inayongoja fedha za serikali muhula hadi muhula. Lakini maji hayana habari na platinamu. Ninachotumia mimi ni hiki. Betri kubwa za redio zilizokufa, zile za zinki na kaboni kama Eveready iliyokuwa ikitengenezwa Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014, ndani yake mna kijiti cheusi cha kaboni. Naifungua betri mwenyewe kwa koleo, nikivaa glavu, nakitoa kijiti na kukisugua hadi ule unga mweusi uishe. Vijiti viwili navipenyeza chini ya mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia na kuziba matundu kwa nta ya mshumaa. Umeme unatoka kwenye paneli ndogo ya taa ya sola, ile ya volti sita ambayo kila nyumba ya pili huku kwetu imeianika juu ya mabati. Ndani ya mkebe naweka maji ya mvua yaliyoyeyushiwa magadi.

Ndiyo, magadi yale yale ya sokoni, yanayotoka Ziwa Magadi na ambayo mama zetu hutia kwenye sufuria ili mahindi na maharagwe yaive upesi. Maji matupu ya mvua hayapitishi umeme wa kutosha. Ukiyeyusha kijiko cha magadi, njia inafunguka. Sodiamu iliyo ndani ya magadi haiachii umeme ufanye nayo chochote cha maana katika maji. Kinachovunjika ni maji yenyewe. Magadi ya asili huja na chumvi kidogo ndani yake, kwa hiyo mwanafunzi mwenye pua nzuri anaweza kunusa harufu hafifu kama ya dawa ya madoa ya Jik upande wa anodi. Akiniuliza, najua somo limeanza.

Neli mbili za kioo tumezipima kwa sirinji ya duka la dawa, mililita moja moja, na kuchora alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Tunazijaza maji ya magadi, tunaziba kwa kidole, tunazigeuza juu ya vijiti. Kisha tunatoka nje juani.

Hapo ndipo darasa hunyamaza bila kuambiwa. Kwenye kijiti kilichounganishwa na upande hasi wa paneli, vijipovu vidogo sana vinajitokeza, vinanenepa, vinaachia na kupanda kwa mstari. Upande chanya navyo vinakuja, ila kwa uvivu, na huonekana vikubwa kidogo. Wingu likipita mbele ya jua mapovu yanapungua palepale. Wingu likiondoka yanarudi. Msichana mmoja alisimama akaweka kiganja chake kati ya jua na paneli, akakitoa, akakiweka tena, huku macho yake hayabanduki kwenye neli. "Madam," aliniambia, "ni kama mimi ndiye naiwasha." Ndiye aliyekuwa akiiwasha. Siku hiyo sikuwa na haja ya kueleza uhusiano kati ya mkondo wa umeme na wingi wa gesi.

Mita ya umeme ya bei rahisi, ya duka la vifaa vya elektroniki, inakamilisha kazi. Mkondo ukiwa ampea 0.3 kwa dakika tano, hesabu ya Michael Faraday inakwambia utapata haidrojeni kiasi gani. Huyu Faraday, mtoto wa mhunzi wa London, mwanafunzi wa ufundi wa kujalidi vitabu kabla ya kuwa mwanasayansi, alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba kiasi cha umeme kinachopita ndicho kinachoamua kiasi cha kitu kinachotoka, si ukubwa wa chombo wala utashi wa mwenye chombo. Ukitumia zile lita 24 kwa moli zinazotolewa kwenye karatasi za mtihani wa KCSE, jibu linakuwa mililita 11 na kitu. Wanafunzi wangu wanapima wanapata 13 na zaidi.

Wa kwanza kuliona hili hudhani amekosea, akataka kufuta. Namwambia asifute. Mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shule yetu iko juu zaidi. Hewa inayotugandamiza huku ni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita kuliko ile ya Mombasa, kwa hiyo gesi ile ile inajitanua. Moli moja ambayo kitabuni ni lita 24, huku mlimani ni lita 29 hivi. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi ufuoni. Mtoto wa Iveti ameshika neli, na neli imemwonyesha urefu wa mlima wake. Sijui somo lingine la kemia linaloweza kufanya hivyo kwa magadi ya shilingi ishirini.

Oksijeni nayo hutoka pungufu kidogo kuliko nusu. Sehemu yake huyeyuka kwenye maji, na sehemu nyingine inakula kijiti cha kaboni, ndiyo maana maji huanza kuwa na vumbi jeusi upande ule. Hili pia kitabu hakilisemi, na mtahini angelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mimi nalipa alama.

Wanaodhani majaribio ya namna hii ni ya maabara kubwa tu wakumbuke yalikoanzia. Mwaka 1800, wiki chache baada ya habari za betri ya Alessandro Volta kufika London, watu wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walijaza neli maji ya mfereji wa mji na kutumbukiza nyaya za shaba nyeupe. Carlisle alikuwa daktari wa upasuaji, Nicholson mhariri wa jarida la sayansi. Waya mmoja ukatoa gesi, mwingine ukaoza. Wakabadilisha nyaya, wakaweka za platinamu, na gesi zikatoka pande zote mbili. Wanafunzi wangu wanaojaribu nyumbani kwa waya wa shaba uliochunwa hukutana na jambo lile lile: maji yanageuka rangi ya kijani na bluu, upande mmoja hauna gesi. Wanarudi darasani na swali ambalo Nicholson alikuwa nalo. Natamani kila somo lingeanza hivyo.

Sasa nije kwenye hofu, maana si hofu ya kupuuzwa. Machakos haihitaji kufundishwa kuogopa moto shuleni. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, na majina yao bado yanatajwa katika nyumba za huku. Moto ule uliwashwa kwa petroli na kwa makusudi, haukuhusiana na maabara. Lakini mwalimu mkuu wa Machakos akisikia neno haidrojeni, mwili unamsisimka, na mimi simlaumu. Nilipoomba ruhusa ya kwanza, jibu lilikuwa kwamba kama mtoto mmoja ataumia, nani atasimama mbele ya wazazi? Nikasema mimi. Halafu nikaeleza tutatengeneza gesi kiasi gani, na hapo ndipo mazungumzo yalibadilika.

Kwa sababu hatari ya haidrojeni inategemea kiasi na mchanganyiko. Inawaka ikiwa hewani kwa kiwango chochote kuanzia asilimia 4 hadi 75, na cheche inayohitajika ni ndogo kuliko ile inayoruka unapovua sweta la nailoni asubuhi ya Julai. Moto wake mchana hauonekani. Mililita 13 ndani ya neli, mdomo ukiwa chini, ukiuletea kijiti kinachowaka hutoa mlio mfupi, darasa linacheka, basi. Lita mbili ndani ya chupa ya soda, zikiwa zimechanganyika na oksijeni yake, ni kitu kingine kabisa. Hapo umetengeneza mchanganyiko ulio tayari kulipuka wote kwa mkupuo mmoja, ndani ya chombo kilicho mkononi mwako. Usiku wa Februari 1, 2024, kule Embakasi, mlipuko uliwakumbusha Wakenya gesi iliyokaa mahali pasipofaa inaweza kufanya nini. Ile ilikuwa gesi ya kupikia, ambayo angalau hutiwa harufu ili uinuse. Haidrojeni haina harufu.

Kwa hiyo masharti yangu hayana mjadala. Gesi mbili hazikutani. Kila moja ina neli yake. Hakuna kuweka akiba, si kwenye chupa, si kwenye puto, si kwenye mfuko wa nailoni. Kinachotoka kinapimwa, kinajaribiwa, kinakwisha. Mkebe hauna kifuniko. Kazi inafanywa nje au dirishani, miwani ikiwa machoni, na jiko la makaa likiwa mbali. Anayewasha kijiti cha kujaribia gesi ni mtu mzima. Umeme wa Kenya Power haugusi maji haya kwa njia yoyote, na chaja za simu za bei ya barabarani nimezipiga marufuku pia, maana zipo ambazo kinga yake kati ya umeme wa ukutani na mkono wa mtoto ni jina tu. Paneli ya taa haiui mtu.

Na jambo la chumvi lisemwe kwa sauti. Video nyingi ambazo watoto wanazitazama kwenye simu zinawaambia watie chumvi ya mezani, kwa kuwa iko jikoni. Ukitia chumvi, upande chanya unatoa klorini, gesi ya sumu inayochoma koo na mapafu, na maji yanayobaki ni jamaa wa Jik. Kwa mtu anayejua anachofanya hiyo ni kazi yenye faida: kuna kifaa kidogo kiitwacho WATA, kilichobuniwa Uswisi, kinachotumia njia hiyo kutengeneza klorini ya kutibu maji ya kunywa. Kwa mtoto aliyejifungia chumbani akidhani anatengeneza oksijeni, ni balaa. Vijiko vya stenlesi navyo nimevikataza, kwa kuwa vikiwekwa upande chanya vinaweza kuachia kromiamu yenye sumu. Haya yote mtoto angeyajua kama tungemfundisha. Tusipomfundisha atafanya tu, kwa chumvi na kijiko, nyuma ya nyumba.

Nilisema kuna uongo unaouzwa. Shemeji yangu ni dereva wa gari la abiria aina ya Probox kati ya mji na Masii. Mwaka jana alinijia akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Gereji moja ilikuwa imemwonyesha kisanduku chenye mabamba ya chuma na chupa ya maji yaliyotiwa kostiki. Kinafungwa chini ya boneti, kinachukua umeme wa betri, kinavunja maji, gesi inaingia kwenye injini, na mafuta, alivyoambiwa, yanapungua kwa karibu nusu. Bei shilingi elfu kumi na tano, kufungiwa bure.

"Shem, wewe ni mtu wa kemia," aliniambia. "Niambie kama ni ukweli."

Gesi inatoka, nikamwambia. Hilo ni kweli kabisa. Sasa tuketi tuhesabu ni ngapi. Nikamtolea kalamu. Tuseme kisanduku kina seli sita zilizofuatana, kinavuta ampea kumi kutoka kwenye mfumo wa gari. Kwa saa nzima kitatoa gramu mbili na kidogo za haidrojeni. Nishati iliyo ndani ya gramu hizo ni sawa na ya petroli isiyofika vijiko viwili vya chai. Gari lake likiwa barabarani linakunywa lita sita hivi kwa saa. Vijiko viwili ndani ya lita sita. Kisha nikamwonyesha upande wa pili. Umeme wa kuvunja maji hayo unatoka kwa jenereta ya gari, inayozungushwa na injini, inayochoma petroli. Injini inapoteza sehemu kubwa ya joto lake, jenereta nayo inapoteza, kisanduku nacho kinapoteza. Ili kupata vile vijiko viwili, anachoma petroli mara kumi yake hivi.

Alinyamaza kidogo, akauliza mbona jamaa wa stejini anasema ameona tofauti. Namwamini huyo jamaa kwamba ameona. Mtu aliyelipa elfu kumi na tano huanza kukanyaga mafuta kwa upole, hupima safari anazotaka kuzipima, na Probox iliyopigwa sevisi siku ile ile itaonyesha tofauti hata kama kisanduku kingekuwa na uji. Marekani walikuwa na mtu wao, Stanley Meyer, aliyedai gari lake linakwenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua kwamba aliwatapeli wawekezaji wake, ikamwamuru awarudishie pesa. Miaka mingi imepita na biashara hiyo bado ina wateja, maana kila bei ya petroli inapopanda masikio hufunguka.

Kinachonitia hofu zaidi ya hasara ni kwamba kisanduku hicho hakitenganishi gesi. Haidrojeni na oksijeni zinatoka pamoja, kwa kipimo kile kile cha mbili kwa moja ambacho ndicho kibaya kuliko vyote, zikipita kwenye mpira laini karibu na injini ya moto, abiria wakiwa wamekaa hatua mbili nyuma. Wale wenye mamlaka ya ubora wa bidhaa na usalama barabarani wanapaswa kukiondoa sokoni. Shemeji hakununua.

Kuna na wale wanaoniuliza kuhusu jiko. Swali lao ni la haki: jua tunalo, maji ya mvua tunayo, kwa nini tusipikie haidrojeni badala ya kununua mtungi au kukata miti ya Iveti? Nawajibu kwa tangi. Wengi wetu Ukambani tumeweka lile tangi jeusi la lita 10,000 la kukingia maji ya paa. Kilo moja ya haidrojeni, kwa shinikizo la kawaida la hewa yetu, haiingii katika tangi hilo. Ingehitaji karibu lita 14,500. Kuitengeneza kilo hiyo kunataka lita tisa za maji na uniti zaidi ya hamsini za umeme. Kwa tokeni, tukichukulia shilingi 25 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 1,250. Na ukishaiwasha inakupa joto la uniti 33 tu, joto ambalo ungelipata kwa kilo mbili na nusu hivi za gesi ya mtungi, kwa bei ya karibu nusu ya hiyo. Kama umeme ule ungeupeleka moja kwa moja kwenye jiko la koili, zile uniti hamsini zingebaki kuwa uniti hamsini za joto. Maji yamekuwa njia ndefu ya kupoteza umeme wako, na bomu umeliweka uani.

Tabia ya kupima haiishii kwenye gesi. Nje kidogo ya mji wetu, kwenye kilima cha Kituluni, kuna mahali paitwapo Kyamwilu. Wageni hutoka Nairobi kuja kumwaga maji barabarani na kuyatazama yakipanda mlima. Magari yakiachwa huru huonekana yakipanda pia. Nawapeleka wanafunzi wangu pale kwa furaha, maana nchi yetu ni nzuri na mahali pale panapendeza, na hadithi za pale wazisikilize. Lakini tunabeba pimamaji ya fundi mwashi. Mahali kama pale pako Scotland na Canada pia, na siri yake ni umbo la ardhi ya pembeni, linalolificha jicho upeo wa macho hadi mteremko ukaonekana mwinuko. Kijana anayerudi kutoka Kyamwilu akiwa ameiona pimamaji ikilala upande ambao macho yake yamekataa, huyo hata kisanduku cha gereji atakidai kipimo.

Haya yote hayana maana kwamba haidrojeni ni upuuzi. Ningekuwa nafikiri hivyo nisingebeba mikebe kwenda nayo shuleni. Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi jijini Nairobi, serikali ilizindua mpango wake wa haidrojeni ya kijani, na kitu ambacho mpango huo umekiweka mbele ni mbolea, wala si magari. Hapo ndipo jambo hili linaingia shambani kwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Mbolea ya naitrojeni huanzia kwenye amonia, na amonia inahitaji haidrojeni, ambayo duniani kwa sehemu kubwa hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Gesi ikipanda bei Ulaya, mkulima wa Kangundo anaikuta kwenye gunia. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, na mahindi mengi ya huku yalipandwa bila kitu. Serikali iliposhusha hadi 2,500 mwaka 2023 ilikuwa kwa ruzuku, yaani kwa kodi.

Sasa karibu na Naivasha, katika shamba la Kampuni ya Kenya Nut, kuna mtambo wa kampuni ya Talus unaovunja maji kwa umeme wa jua, ukachukua haidrojeni na kuiunganisha na naitrojeni ya hewani kuwa amonia ya mbolea, hapo hapo shambani. Gesi haisafirishwi mbali, haiwekwi kwenye chupa, inatumika ilipozaliwa. Ni mkebe wangu wa plastiki uliokua. Kijiti hasi, kijiti chanya, jua, maji yenye kitu cha kupitisha umeme. Mitambo kama hiyo ikiongezeka, na umeme wa mvuke wa Olkaria ukiingizwa, itahitaji watu wa kuiendesha, kuisafisha, kusikiliza inapolia vibaya. Sitaki watu hao wawe wote wanatoka nje ilhali watoto wetu wanachora neli kwenye karatasi.

Januari 2026 gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari pevu, na mkondo wa STEM umeahidiwa kila kona ya nchi. Mtaala unasema mtoto atende. Kutenda kunahitaji vitu mezani. Naomba kila shule ya kutwa ya kaunti hii iwe na sanduku moja la vifaa hivi kwa kila wanafunzi wanne: mkebe, vijiti vya kaboni, neli zenye alama, paneli ndogo, mita, miwani. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kuyatengeneza masanduku hayo, na wanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Machakos wakayakagua kabla hayajafika shuleni. Naomba pia sanduku liruhusiwe kutoka nje ya lango la shule siku ya Ijumaa, likiwa na karatasi ya masharti iliyosainiwa na mzazi, lirudi Jumatatu na vipimo. Mzazi akikaa na mwanawe juani wakihesabu dakika tano, naye amesoma.

Wapo walimu wenzangu watakaosema ratiba haina nafasi. Naijua ratiba, naiishi. Jaribio lote, pamoja na kuosha vyombo, linaingia katika vipindi viwili vilivyofuatana, na muda unaouokoa baadaye kwenye sura nzima ya elektrokemia ni mwingi, kwa sababu hulazimiki tena kueleza kwa nini ioni zinakwenda ziendako kwa watoto ambao hawajawahi kuona kitu chochote kikienda popote.

Kwa mafundi redio wa mjini na wa masoko ya Tala, Masii na Kathiani: betri kubwa zilizokufa msizitupe shimoni wala msizichome. Zikusanyeni kwenye debe, mmpelekee mwalimu wa kemia wa shule iliyo karibu nanyi. Zilizovuja ziwekeni kando, zile kavu ndizo tunazozihitaji.